Uzoefu wangu na The Walking Dead: huyu mtoto Carl amenimaliza

Naanza na onyo: humu nataja nani anakufa na anakufaje. Kama ndiyo kwanza unataka kuianza The Walking Dead, ile sizoni ya mazombi ya Marekani, kaiangalie kwanza, halafu njoo tubishane.

Maana ubishi ninao. Nina hasira na mtoto mmoja anaitwa Carl Grimes, hasira ya kweli, ile ya kumfanya mtu mzima azime televisheni katikati ya usiku na kuanza kufua nguo. Ni sehemu ya 11 ya msimu wa pili iliyonizimisha, na nilikaa muda mrefu bila kuigusa tena. Kipindi hicho nikiulizwa nimefikia wapi, nilisema nimeacha. Nikiulizwa kwa nini, nilijibu: Carl.

Sizoni yenyewe siielezi. Mazombi wameijaza dunia, watu wachache wanahangaika kubaki hai huko Georgia, Marekani, na anayewaongoza ni Rick Grimes, aliyekuwa askari polisi kabla mambo hayajaharibika. Huyo ndiye steringi. Carl ni mwanawe. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulijua kwamba steringi hafi, na huku nikakuta mtoto wa steringi naye hafi, angalau kwa misimu mingi. Anakosea yeye, wanakufa wengine. Hicho ndicho kinachonichoma.

Sasa niambie ni nani aliyemchukia Dale. Dale Horvath, mzee wa ndevu nyeupe na kofia, anayekaa juu ya paa la lile gari lake la kulala, bunduki mapajani, akiwalinda wenzake waliolala chini. Jeffrey DeMunn ndiye aliyemwigiza, na aliigiza kwa macho. Nyusi zake zilikuwa zinasema jambo kabla mdomo haujafunguka. Mke wake alikufa kwa saratani kabla ya balaa lote hili, kwa hiyo mazombi walimkuta ameshaonja msiba. Dunia imesimama, yeye bado anaitia ufunguo saa yake kila siku. Na katika kundi zima ndiye aliyebaki akiuliza: hili tunalotaka kulifanya ni haki? Kila ukoo una mzee wa aina hii, ambaye vijana wanamchoka lakini kikao hakianzi mpaka ameketi. Alimshtukia Shane, rafiki wa Rick na askari mwenzake wa zamani, mapema kuliko wote. Alisema. Hawakumsikia.

Basi, siku yenyewe. Kundi la Rick limemkamata kijana anaitwa Randall, wa kundi jingine lenye silaha, wamemfungia ghalani kwenye shamba la mzee Hershel. Rick ameamua auawe, maana wakimwachia anaweza kurudi na wenzake. Dale anaomba apewe muda hadi jioni azungumze na watu. Mchana kutwa anazunguka. Anamfuata Andrea, anamfuata Daryl, anakwenda hadi kwa Shane, mtu aliyemtishia maisha. Anamwendea Hershel. Kikao kinakaa sebuleni, watu wanaangalia sakafu, anabaki anasihi peke yake, na mwishoni kabisa ni Andrea tu anayesema Dale ana haki. Mzee anatoka nje macho yamejaa machozi.

Siku hiyohiyo, shamba hilohilo, Carl anafanya nini?

Kwanza anajipenyeza ghalani kwenda kumtazama mfungwa, akaanza kurubuniwa, mpaka Shane akamtoa. Sawa, udadisi wa utoto, nilimvumilia. Halafu anamkuta Carol. Carol huyu ametoka kumzika Sophia, binti yake wa pekee. Katika kujiliwaza anamwambia Carl kwamba ipo siku watamwona Sophia mbinguni. Na huyu mtoto anamjibu mama mfiwa kwamba habari za mbinguni ni uongo, na anayeziamini ni mjinga. Hapo nilisimama. Niliisimamisha picha nikasimama na mimi. Kwa mfiwa! Kaburi halijaota hata nyasi!

Carol akalalamika, Rick akamkalisha mwanawe wakaongea kidogo, yakaishia hapo. Mtoto akaenda kwenye pikipiki ya Daryl, akachomoa bastola, akaingia porini peke yake bila kuaga.

Huko akakuta zombi limenasa kwenye matope kandokando ya maji. Miguu imezama, halitoki, linanyoosha mikono tu. Mwenye akili anarudi mbio kuita wakubwa. Carl akaanza kulirushia mawe. Jiwe, jingine, jingine. Akasogea. Akanyanyua bastola, akasita, akasogea tena karibu zaidi kana kwamba amekwenda kutazama nyani kwenye kizimba. Linavuta kumfuata yeye, na kadiri linavyomfuata ndivyo mguu unavyochomoka. Mwisho likamdaka. Akapona kwa bahati, bastola ikamponyoka, akakimbia.

Mpaka hapo, kwa kweli, ningeweza kusamehe. Mtoto wa kiume, bastola, pori. Wangapi wetu hatukuchokoza nyoka. Kisichosameheka ni kilichofuata, nacho ni ukimya. Zombi limeshachomoka. Linatembea. Liko hatua chache kutoka nyumba yenye wanawake, wazee na mama mjamzito, ambaye ni mama yake mwenyewe! Duniani kote anayejua habari hiyo ni mtu mmoja tu, na mtu huyo amerudi shambani amekaa kimya.

Tena msiniambie alikuwa ameshtuka hata sauti haitoki. Jioni ileile, Rick anapomlenga Randall kichwani ghalani, ni nani anatokea mlangoni? Carl. Na sauti anayo. Anamhimiza baba yake amalize kazi. Sauti ya kumwambia baba yake aue mtu aliyefungwa kamba ilipatikana. Sauti ya kusema "baba, kuna zombi limetoka kule majini" haikupatikana. Nimelirudia hili kichwani nikiwa kazini, nikiwa kwenye foleni, na kila nikilirudia damu inachemka upya.

Angalau Rick alipomwona mwanawe anasema vile alishtuka, akashusha silaha. Randall hakuuawa usiku ule. Yaani Dale alikuwa ameshinda! Mzee ameshinda na hajui, maana yuko gizani malishoni anatembea kutuliza moyo. Anamkuta ng'ombe ametumbuliwa. Anageuka. Ndilo lilelile la matopeni. Likamwangusha na kumpasua tumbo kwa mikono.

Daryl alifika kwanza, wengine wakafuata, Hershel akaangalia akasema hakuna la kufanya. Rick akatoa bastola asiweze. Daryl akaichukua mkononi mwake, akapiga magoti, akamwomba mzee radhi, akafyatua. Na kabla ya hapo kamera inatuonyesha Carl anautazama uso wa lile zombi, anautambua, anaanza kulia. Sasa analia nini? Nilizima.

Dada yangu ndiye aliyenipeleka kwenye sizoni hii, na alikuwa amenitangulia misimu mingi. Nilimpigia simu usiku uleule. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mdogo wangu, huyo ni mtoto. Kapigwa risasi ya tumbo juzi tu, kamwona rafiki yake anatoka ghalani zombi, na baba yake mwenyewe ndiye aliyemfyatulia risasi. Nani alikaa naye?" Dada yangu ni mama wa watoto watatu na akishaanza kutetea mtoto huwezi kumgeuza.

Na kwa kiasi fulani ana hoja, nisiwe mkatili. Ile risasi haikuwa kosa la Carl. Alisimama kumtazama kulungu, Otis akafyatua bila kumwona. Sophia alimwona kwa macho yake. Mama yake, Lori, ana mimba na mgogoro wa wanaume wawili, kila mara anauliza Carl yuko wapi na kila mara Carl hayupo. Baba yake ana kundi zima kichwani. Mtoto amevikwa kofia ya sherifu ya baba yake, kichwa hakijai, kisha hakuna aliyekaa naye kumweleza uzito wa ile kofia.

Lakini dada, nikamwambia, umesahau kitu. Huyu si mara yake ya kwanza na silaha. Sehemu chache kabla ya hapo Shane alimkuta na bastola kiunoni. Alikuwa ameitoa wapi? Ndani ya gari la Dale! Alimwendea mzee, akamdanganya kwamba ametumwa redio ya mawasiliano, mzee akamwamini akamfungulia mlango. Dale alipobanwa aliuchukua mzigo huo kwake, akasema kosa ni lake. Hakumkaripia mtoto. Na wazazi walifanya nini? Badala ya kumtandika, au hata kumnyima chakula cha jioni kimoja, walikubali afundishwe kulenga shabaha. Mtoto kaiba bastola, zawadi yake ni mafunzo ya bastola.

Dada akanyamaza. Kisha akasema, "Endelea kuangalia." Hiyo ndiyo hoja ya kila mtu aliyekwishafika mbele.

Niliendelea, lakini kwa kinyongo. Sehemu inayofuata, Carl anampelekea Shane ile bastola na kumweleza kila kitu. Ni heri. Alikiri, tena bila kuminywa. Shane akamwambia Rick. Na Rick akapanda darini kwa mwanawe, akamwambia utoto umekwisha, na akamrudishia bastola. Akamrudishia! Mtoto mwenyewe alikuwa haitaki. Hapo hasira yangu ilihama kabisa ikaenda kwa baba. Ukitaka kujua Carl aliharibiwa na nani, angalia mazungumzo yale ya darini, hutauliza tena.

Nataka niseme na hili, kwa sababu nimeona watu wanavuka mpaka. Ninayemchukia ni Carl. Chandler Riggs aliyemwigiza alizaliwa 1999, sizoni ilipoanza kurushwa Oktoba 2010 alikuwa na miaka 11. Mtoto huyo alipewa karatasi akaambiwa sema hivi, simama pale. Kumtukana yeye kwa yaliyoandikwa na watu wazima ni uonevu, na wanaofanya hivyo wangepaswa kuona aibu. Tena niseme ukweli: kama nimemchukia Carl kiasi hiki, basi kijana aliijua kazi yake.

Halafu nikaja kusoma jambo lililonivuruga zaidi. Frank Darabont, aliyeitengeneza sizoni hii na kuiongoza mwanzoni, aliondolewa wakati msimu wa pili unatayarishwa. DeMunn alikuwa mtu wake wa miaka mingi, wamefanya filamu kadhaa pamoja, na kitendo kile kilimkera mno. Ni yeye mwenyewe aliyewaambia wamuue atoke. Katika vitabu vya katuni vya Robert Kirkman, ambako hadithi ilianzia, Dale anaishi mbali sana kupita shamba lile. Kwa hiyo kifo cha Dale hakikuzaliwa na hadithi. Kilizaliwa na ugomvi wa ofisini. Walihitaji mzee afe, na walipotafuta mtu wa kumtwisha, wakamtwisha mtoto.

Sasa nimkasirikie nani? Nilikuwa nimeshaandika kichwani kwamba Carl ndiye aliyeniharibia sizoni nzima, msiangalie, msipoteze muda wenu. Baada ya kulijua hilo nikaona hapana, wamemtumia. Zombi lingeweza kuja lenyewe; mashamba yale yalikuwa yamezungukwa nayo pande zote. Hakukuwa na ulazima wa mawe wala matope. Walitaka tumchukie. Na bado, bado, nikimwona amesimama mlangoni mwa ghala anamhimiza baba yake, moyo unagoma. Kujua aliyeandika hakujanitoa ile picha.

Msimu wa tatu ulinipiga mahali ambapo sikujiandaa. Gerezani, walikohamia baada ya shamba, Lori anajifungua, Maggie, binti wa Hershel, anampasua bila ganzi, Lori anakufa, na Carl ndiye anayebaki chumbani kumpiga risasi ili mama yake asiamke zombi. Nililia. Nililia na nilikasirika kwamba nimelia kwa ajili yake. Nikasema basi, tumalizane, yameisha. Mwisho wa msimu huohuo akampiga risasi kijana aliyekuwa anasalimisha bunduki yake, mbele ya macho ya Hershel, kisha akasimama kujitetea kwa sauti kavu kama hakimu. Yakaanza upya. Ndivyo anavyokufanyia huyu mtoto.

Ya msimu wa nne nayapita haraka, ila ile sehemu ya 9 itafute. Gereza limeanguka, Rick amezimia kwenye kochi la nyumba ya watu, na Carl anamfokea baba aliyezimia, anamwaga yote aliyoyabeba, watu waliokufa, maamuzi mabovu. Baadaye anakaa juu ya paa anakula kopo kubwa la krimu ya chokoleti peke yake, kiatu kimoja kimebaki kwa zombi. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtoto. Ilichukua misimu minne waandishi kunionyesha mtoto!

Na kuanzia hapo akakua. Michonne, yule mwanamke wa upanga aliyejiunga na kundi lao, akamkalia kama mama. Akamlea mdogo wake Judith. Msimu wa sita akapoteza jicho la kulia kwa risasi, akaendelea. Bila kujua lini, nikajikuta siruki tena sehemu zake. Nikawa nasubiri aje.

Basi hapo ndipo wakamuua. Msimu wa nane. Aling'atwa na zombi akimsaidia Siddiq, mgeni ambaye wengine walikuwa wamemwacha porini, na akafa katika sehemu iliyorushwa Februari 2018. Kwenye vitabu Carl anaishi mpaka ukurasa wa mwisho. Hadithi yote ilikuwa inamwendea yeye. Riggs alikuwa ameshanunua nyumba karibu na mahali pa kurekodia, akijua kazi ipo, na baba yake alilalamika hadharani jinsi mwanawe alivyoachishwa akiwa anakaribia kutimiza miaka 18. Wamemchukua mtoto wa miaka 10, wakamfanya mtu tuliyetaka afe, na tulipoanza kumpenda wakamfukia. Nilimpigia dada tena, safari hii namtetea Carl mimi, na yeye ndiye anayenituliza.

Kwa hiyo niwashauri nini? Iangalieni. Misimu minne ya kwanza nasema bila kusita, iliyobaki fanyeni mnavyoona. Jumla ni misimu 11 na iliisha Novemba 2022, si kitu cha wiki moja. Carl mtamchukia, na hiyo ni haki yenu.

Ila kuna jambo la mwisho nalo silimezi. Carl anakufa akiomba huruma. Anamtaka baba yake aache kuua, hata Negan, adui yao mkubwa, amwache hai, na msimu unapoisha Rick, baada ya kumkata Negan koo, anaagiza aokolewe. Hoja ile ni ya Dale! Neno kwa neno ni hoja ya yule mzee sebuleni kwa Hershel, siku ambayo mtoto huyuhuyu alisimama mlangoni akitaka Randall auawe. Na wakati anakata roho Carl anakumbuka makosa yake. Anamkumbuka yule kijana aliyempiga risasi akisalimisha bunduki, anasema bado anamfikiria. Nikasogea karibu na kioo, nikasema sasa, sasa atamtaja. Nilisubiri mpaka mwisho wa kuagana kwao, na kuagana kwenyewe kulikuwa kurefu. Jina la Dale halikutoka. Walikuwa na muda wote huo, mishumaa, barua kwa kila mtu; neno moja kwa yule mzee lingewagharimu nini?